Daftari la bustani, masika ya 2024: matuta sita nyuma ya nyumba, Morogoro

27 Januari 2024: Kwa nini daftari

Nyuma ya nyumba yetu hapa Kihonda kuna kipande cha ardhi kinachotosha matuta sita, kila moja mita 1 kwa mita 4. Nimekilima miaka minne. Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Dodoma, anataka kuanzisha bustani yake, akaniuliza maswali matatu mepesi: mwaka jana nyanya nilizisia lini, zilianza kuiva lini, na zile zilizokufa zilikuwa upande gani. Sikuweza kujibu hata moja kwa uhakika. Nilimwambia "kama Februari hivi", naye akaniuliza Februari mwanzoni au mwishoni, nikanyamaza.

Jambo hilo limeniuma. Miaka minne ya kuinama juani, na nilichobaki nacho kichwani hakimsaidii hata ndugu yangu. Kwa hiyo msimu huu wote naandika. Shajara hii ni kwa ajili yake na kwa yeyote atakayetaka kuiga. Nitaongeza sehemu kila hatua inapokamilika, na makosa nitayaeleza kwa kirefu kuliko kazi zilizokwenda vizuri, maana kazi zilizokwenda vizuri anaweza kumuuliza mtu yeyote.

Nitaandika mambo manne tu: nini kimepandwa na wapi, mvua imenyesha kiasi gani, nimeona nini kwenye mimea, na kilichotoka, iwe fedha au mavuno. Naanza na simu yangu, kwa kuwa ninayo mfukoni muda wote.

10 Februari: Nimesia mbegu. Simu imeshindwa

Siku 14, na nimeandika siku tano. Sababu inajulikana kwa kila aliyewahi kulima: ukiwa bustanini mikono ina udongo, unasema utaandika ukiingia ndani, na ukiingia ndani kuna sufuria jikoni na mtoto ana kazi ya shule. Picha nimepiga zaidi ya arobaini. Nimezipitia jana usiku: ni majani tu. Siwezi kusema hili ni jani la mmea gani wala lilikuwa na shida gani.

Nimenunua kaunta buku, shilingi 4,000. Limetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango wa jikoni, ndani ya mfuko wa nailoni, na penseli imefungwa kwa uzi. Penseli, kwa sababu ukurasa wa kwanza niliuandika kwa kalamu ya wino, nikauacha kwenye baraza, manyunyu ya usiku mmoja yakaugeuza doa la bluu. Penseli haichuruziki ikilowa.

Leo nimesia nyanya, Tengeru 97, pakiti moja ya 3,000 kwenye kitalu. Mchicha, bamia na chainizi zimekwenda moja kwa moja kwenye matuta, pakiti tatu kwa 6,000. Samadi viroba vinane, 20,000.

25 Februari: Kinyausi

Miche ya nyanya iliota tarehe 16, siku ya sita, mizuri kabisa. Tarehe 22 asubuhi nikakuta sehemu ya katikati ya kitalu imelala. Ukiushika mche unakuta shina limekonda kama uzi pale linapogusana na udongo, juu bado kijani. Kufikia jana zaidi ya nusu imeanguka.

Kwa miaka iliyopita ningesema mbegu ni mbaya, nikaenda kulalamika dukani. Safari hii nilifungua daftari, na jibu lilikuwa kwa mwandiko wangu. Kila siku nimeandika "maji asubuhi, maji jioni". Nyasi nilizofunikia kitalu nimeandika nimeziondoa tarehe 20, yaani siku nne baada ya miche kuota. Na tarehe 10 niliandika "pakiti nzima" kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Kinyausi ni ugonjwa wa ukungu ulioko ardhini, na nilikuwa nimeupa kila ulichotaka: unyevu usiku kucha, giza la nyasi, na miche iliyobanana isipitishe hewa.

Nimesia upya leo mahali pengine, pakiti ya pili, 3,000 nyingine. Safari hii ni mistari iliyoachana kiganja kimoja, mbegu zimetawanywa ndani ya mstari. Maji asubuhi peke yake. Nyasi zitaondoka siku ileile mche wa kwanza utakapoonekana, na badala yake kutakuwa na kichanja cha makuti kilichoinuliwa, cha kuzuia jua kali.

23 Machi: Miche imehamia, na majina ya matuta yaliyonipoteza

Miche 48 imepandikizwa jioni ya leo, mistari miwili kila tuta, nafasi ya sentimita 50. Hii niliyoisia mara ya pili haikupata kinyausi hata kidogo. Mchicha tulianza kuchuma tarehe 9, siku ya 28, na umetufaa sana kwenye futari.

Ramadhani imevuruga ratiba ya kuandika. Nilikuwa naandika jioni. Baada ya futari mwili unalegea, na siku tatu zimepita bila neno. Nimehamishia kazi hiyo baada ya swala ya alfajiri, mwanga unapotosha kuona majani. Imekuwa bora kuliko nilivyotarajia, kwa sababu viwavi wa usiku bado wako juu ya mmea saa hiyo, na jani lililonyauka asubuhi, kabla jua halijapanda, lina habari tofauti kabisa na lililonyauka saa nane mchana.

Sasa kosa lililonigharimu zaidi mpaka hapa. Nilikuwa nayaita matuta kwa mazao yake: "tuta la mchicha", "tuta la bamia". Wiki iliyopita niling'oa mchicha wa kwanza na kusia mwingine kwenye tuta jingine. Leo nilitaka kujua ni tuta gani limekwisha kupata samadi viroba viwili. Daftari linasema "tuta la mchicha". Lipi? Kuna kumbukumbu tatu za "tuta la mchicha", na nina hakika zinahusu ardhi mbili tofauti. Nimelazimika kuchimba kwa mkono nitafute mabaki ya samadi.

Dawa yake ni namba. Tuta 1 liko karibu na mlango wa jikoni, Tuta 6 liko kwenye uzio, na namba ni ya ardhi; zao linapita, namba inabaki. Nimezipaka kwa rangi ya mafuta kwenye vigingi, kopo dogo la 4,500, na nimechora ramani ndani ya jalada. Mashina nayo yana namba kuanzia upande wa nyumba: T2/7 ni shina la saba la Tuta 2. Nyanya ziko Tuta 2, 3 na 4. Sheria mpya ya picha: kigingi chenye namba kionekane, la sivyo sipigi.

Jambo dogo la vibao: nilikata vipande vya ndoo ya plastiki nikaandika kwa kalamu ya maka ya 2,000. Baada ya wiki tano za jua maandishi yamefifia hadi hayasomeki. Kile kimoja nilichoandika kwa penseli, kwa sababu maka ilikuwa imepotea siku hiyo, bado kinasomeka vizuri. Mikwaruzo ya msumari kwenye bati la kopo la soda inadumu pia.

6 Aprili: Kipima mvua

Mvua za msimu huu si za kawaida. Zile za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 2023 hazijatuacha kabisa, na masika yamezipokea. Kuandika "mvua kubwa" kila siku hakunisaidii. Mvua kubwa ya Jumatatu na ya Alhamisi si sawa.

Kipimo cha kwanza nilitengeneza kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu: nikakata shingo, nikaigeuza juu kama mrija, nikabandika rula pembeni. Niliandika wiki nzima kwa furaha. Kisha binti yangu, yuko darasa la tano, akaweka kopo la maziwa ya unga karibu na chupa kwa mchezo wake. Asubuhi chupa ikasema milimita 12, kopo likasema 19.

Tulikaa nayo tukaitazama. Chupa ina kiuno, na kitako chake kina vinundu. Maji yanapanda kwa mwendo mmoja kitakoni, mwendo mwingine kiunoni, na rula yangu ilianza kuhesabu kutoka mezani, si kutoka pale maji yanapoanzia. Kopo la maziwa lina kuta zilizonyooka kutoka chini hadi juu na kitako kilicho tambarare. Kina cha maji ndani yake ndicho kina cha mvua iliyoanguka. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tuta langu la mita nne za mraba likipata milimita 19 limepata lita 76, karibu ndoo nne za lita 20. Hesabu hiyo peke yake imeniokolea maji mengi, maana nilikuwa nikimwagilia ndoo mbili siku inayofuata mvua kama hiyo.

Kosa la pili: kopo tuliliweka karibu na baraza ili lisiibwe. Tarehe 29 Machi lilisoma 71, siku ambayo mtaa mzima hapakuwa na dimbwi. Ni maji ya bati yaliyodondokea humo. Sasa liko juu ya nguzo katikati ya uwanja, mbali na paa na mwembe, limefungwa kwa waya. Linasomwa saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma watu wa hali ya hewa, kisha linamwagwa. Vipimo vyote vya kabla ya leo nimevikata kwa mstari mmoja. Sijavifuta, nataka nione nilivyokosea.

20 Aprili: Nafasi tupu si sifuri

Binti yangu ndiye msomaji wa kopo, na anaifanya kazi hiyo kwa moyo. Tarehe 9 alikwenda kwa bibi yake Turiani kwa ajili ya Idi, akarudi tarehe 14. Siku hizo kwenye daftari hakuna kitu. Lakini hata tarehe 4 hakuna kitu, na tarehe 7 pia, na alikuwepo. Nilipomuuliza akasema, "Mama, siku hizo haikunyesha, ndiyo maana sikuandika." Kumbe kwangu nafasi tupu ilikuwa na maana mbili: hakuna mvua, au hakuna aliyesoma. Nikijumlisha Aprili sijui nimekosa milimita ngapi, na siku za Idi nakumbuka vizuri kwamba usiku mmoja ilinyesha hadi tukaamka kuziba dirisha.

Tumekubaliana: ikisomwa na haikunyesha, andika 0. Isiposomwa, piga mstari. Sanduku lisibaki tupu. Tangu siku hiyo nimefanya vivyo hivyo kwa wadudu. "Vidukari 0" ni habari, inamaanisha niligeuza majani nikatazama.

Jirani yetu, mzee wa Kipemba aliyehamia hapa zamani, alinikuta kwenye uzio na daftari. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kila alfajiri nakuona na kitabu. Unahesabu mwongo wa ngapi?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba kwao wazee walihesabu mwaka kuanzia Siku ya Mwaka, siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo. Miongo 36, kisha siku tano za kumalizia. Kwa mwongo mtu alijua wakati wa kufyeka, wa kuchoma, wa kupanda, na wavuvi nao walijua bahari yao. "Wiki ni ya ofisini," alisema. "Ardhi haijui Jumatatu."

Maneno yake yalinigusa mahali palipokuwa pakiniuma. Kurasa zangu zilikuwa za wiki, na wiki moja mara nyingi haina la kusema. Mwezi nao ni mrefu mno, jambo linaanza na kwisha ndani yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa taarifa zake za kilimo kwa siku kumi kumi. Kuanzia leo ukurasa mmoja ni mwongo mmoja: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, 21 hadi mwisho wa mwezi. Juu jumla ya mvua, chini kila tuta na mistari yake mitatu.

5 Mei: Bakajani, na jaribio lililoanza vibaya

Redio ilikuwa na habari za kimbunga Hidaya tangu Ijumaa. Jana kilifika pwani, upande wa Mafia. Nilikesha nikikaza kamba za nyanya kwenye fito za mianzi (fito 60 kwa 12,000, kamba 3,000). Hapa kwetu upepo ulikuwa wa kuvumilika na kopo limesoma 16. Kwa ndugu wa Rufiji, ambao Aprili nzima wamekuwa ndani ya maji, moyo unauma.

Bakajani tangulia imeonekana kwanza tarehe 18 Aprili, majani ya chini ya T3/2 na T3/3: madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, pembeni njano. Ukungu wake hukaa kwenye udongo na mabaki ya mazao, na tone la mvua linapopiga ardhi tupu hurusha matope hadi kwenye majani ya chini. Nilitandaza nyasi kavu Tuta 2 nikaliacha Tuta 3 wazi, ili nione kama matandazo yanasaidia. Baada ya siku kumi Tuta 2 lilikuwa na majani 9 yenye madoa na Tuta 3 majani 48. Nilimpigia mdogo wangu usiku huohuo kumpa habari njema.

Asubuhi yake nilipokuwa naandika, niliona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku. Saa mbili jua limeshapiga Tuta 2 na majani yamekauka. Tuta 3 lina kivuli cha mwembe hadi saa tano, umande bado unang'aa juu yake. Majani yanayokaa na maji muda mrefu ndiyo ukungu unayoyapenda. Sasa tofauti ile ni ya nyasi au ni ya mwembe? Sina njia ya kujua. Nimempigia tena kumwambia asubiri.

Leo nimeanza upya ndani ya Tuta 3 peke yake: mashina 8 ya upande wa nyumba yana nyasi, 8 ya upande wa uzio hayana, kivuli ni kilekile. Mashina yote 16 nimeyaondoa majani yenye madoa na kuyachoma, na nimepiga dawa ya ukungu yenye madini ya shaba (kopa), 6,000, sawasawa pande zote.

25 Mei: Tuta 4

Kwanza matokeo ya Tuta 3. Kwa siku ishirini upande wenye nyasi nimetoa majani 23 yenye madoa, upande mtupu 61. Hiyo naiamini. Nimetandaza matuta yote, nyasi na maganda ya mpunga, usafiri 3,000.

Tuta 4 lakini linanisikitisha. Tarehe 12 T4/5 ilinyauka mchana, ikaamka usiku. Tarehe 14 haikuamka. Majani yake yalikuwa kijani kibichi, hakuna njano wala doa. Nilidhani ni kiu, kwa kuwa mvua zilikuwa zimepungua, nikaongeza maji, ndoo moja nzima kila jioni. Tarehe 16 zikafuata T4/6 na T4/4, kisha T4/7. Nilipozitia alama kwenye ramani nikaona ugonjwa unatembea kwa jirani, pande zote mbili, kama mtu anayebisha hodi mlango kwa mlango. Kiu isingefanya hivyo, ingewakamata wote.

Nilikata shina la T4/6 karibu na mizizi, nikakitumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi nikakishikilia pasipo kutikisa. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupuliza, unakaa ardhini kwa miaka, na maji niliyokuwa nikiongeza ndiyo yaliyousafirisha.

Swali langu likawa: umetoka wapi, na mbona Tuta 2 na 3 ni salama? Ugonjwa huu hushika jamii ya nyanya: bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo. Nilijaribu kukumbuka mwaka jana nilipanda nini hapo. Mimi nilisema bamia. Mume wangu akasema mahindi. Binti akaleta simu ya baba yake, picha za Idi ya mwaka jana: watoto wamesimama na kanzu zao mpya, na nyuma yao, karibu na ule mpapai ambao haujahama, bilinganya zangu, tatu kati yake zimelala. Nilizikumbuka hapohapo. Nilizing'oa nikasema ni mchwa.

Zile bilinganya niliziona kwa macho yangu na kuzishika kwa mikono yangu, na baada ya mwaka mmoja ningeapa kwamba zilikuwa bamia.

Nimeng'oa mashina 11 pamoja na udongo wa mizizi, nimeyachoma. Hayaendi kwenye mboji. Jembe nimeliosha kwa sabuni na maji ya moto. Maji yanayotoka Tuta 4 huteremkia Tuta 5, kwa hiyo nimechimba mfereji katikati. Matano yaliyobaki naacha nione.

22 Juni: Kuoza kitako

Nyanya ya kwanza kuiva ilikuwa T2/7, tarehe 2 Juni, siku ya 71 tangu kupandikiza. Sasa tunachuma kila baada ya siku tatu.

Tarehe 15 nilianza kukuta matunda ya Tuta 2 yenye kitako cheusi, kilichobonyea na kukauka kama ngozi. Dukani nikaambiwa ni upungufu wa kalisiamu, nikauziwa mbolea ya majani, 8,000. Nilipuliza. Kisha nilipokaa kujaza ukurasa wa mwongo nikaona mistari, mstari, mstari: tarehe 28 Mei hadi 2 Juni, nilikuwa Kilosa msibani, na kopo lilisoma 0 kabla na baada. Tuta 2, lenye jua kali kuliko yote, lilikaa siku sita bila maji, na niliporudi nikalijaza maji mpaka yakasimama. Kalisiamu hupanda na maji. Maji yakikatika tunda changa haliipati hata kama ardhi inayo. Matunda yaliyooza ndiyo yaliyokuwa madogo wiki ile. Tuta 3, lenye kivuli, lina manne tu.

Nilipaswa kusoma daftari kabla ya kwenda dukani. Sasa ni ndoo mbili kila baada ya siku mbili bila kukosa, na nikisafiri namwachia mtu kazi hiyo, jina lake na saa vikiwa vimeandikwa kwenye ukurasa wenyewe. Matunda yaliyofunga baada ya hapo ni mazima.

14 Julai: Kantangaze, mavuno na hesabu

Kiangazi kimeleta kantangaze. Mdudu huyu aliingia nchini 2014 na wakulima wa nyanya hawajapumzika tangu hapo. Kiwavi chake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo unachoona ni bato jeupe lenye uchafu mweusi. Tarehe 30 Juni niliandika majani 3, tarehe 4 majani 11, tarehe 8 majani 40. Nilikuwa nimepuliza maji ya mbegu za mwarobaini tarehe 1 na tarehe 5, pasipo kuandika saa. Jirani aliniambia mwarobaini huharibiwa na jua, upulizwe jioni. Je, mimi nilipuliza lini? Sijui. Tangu tarehe 8 napuliza saa kumi na mbili jioni, naandika, na majani yenye mabato nayachuma na kuyafunga kwenye mfuko uliokazwa juani. Jana yalikuwa 14.

Mavuno ya nyanya nilipima kwa sado, lile kopo la lita nne la kupimia sokoni, baada ya mwezi wa kwanza wa kuandika "bakuli" na "beseni" bila maana. Sado yangu nimeipima mara moja kwenye mizani ya duka, kilo 3 kasoro kidogo. Tuta 2 limetoa sado 9, Tuta 3 sado 6, Tuta 4 sado moja na nusu.

Fedha zilizotoka ni 89,900, pamoja na nyongeza ya bili ya maji ya 14,000. Kati ya hizo, zilizopotea bure ni 13,000: pakiti ya kwanza ya mbegu, kalamu ya maka, na ile mbolea ya majani. Daftari lenyewe, na penseli tatu za 900, rula ya 500, rangi ya vigingi, ni 9,900.

10 Agosti: Mbegu, na ramani ya vuli

Juzi tulikwenda Nanenane, tukatazama vipando, binti akanakili majina ya aina sita za nyanya kwenye daftari lake mwenyewe.

Mbegu za mwakani nimezitoa T2/7. Nimeichagua kwa kurasa: iliiva ya kwanza, ilipata madoa machache kuliko zote za Tuta 2, na matunda yake ya mwisho ya Julai yalikuwa makubwa kama ya mwanzo. Tengeru 97 si chotara, kwa hiyo mtoto atafanana na mama. Ute nilioukamua ulichacha siku tatu kwenye kikombe, nikasuuza, nikakausha kivulini juu ya sahani.

Kwa vuli nyanya zinakwenda Tuta 1 na Tuta 6. Tuta 4 litapata mahindi na kunde, na kwenye ramani mpya nimeandika kwa herufi kubwa kwamba jamii ya nyanya isikanyage hapo kabla ya 2027. Mdogo wangu nimempigia picha kurasa zote za miongo. Amejibu kwa swali moja: kwake Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, je, aanzie ukurasa upi. Nimemwambia aanze na ramani, atie namba matuta yake, halafu aweke kopo.

Mbegu ziko ndani ya bahasha, 260, na juu yake imeandikwa T2/7. Kopo la leo, kwa mwandiko wa binti: 0.